Karatasi ya nenosiri iliyo ukutani

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Nimefurahi mno kusikia ofisi yenu imeanza kupata wateja. Lakini uliponieleza kwamba nenosiri la Wi-Fi mmelibandika ukutani ili kila anayeingia ajiunge mwenyewe, nilikosa raha.

Nenosiri linamzuia mtu wa nje asiyelijua. Aliyekwisha kulisoma ni habari nyingine. Katika WPA2, ulinzi wa Wi-Fi ulioanza 2004 na ambao ungali kwenye ruta nyingi (vile vifaa vinavyosambaza Wi-Fi), ufunguo unaoficha mawasiliano ya kila kifaa hutokana na nenosiri hilohilo la wote, pamoja na namba ambazo kifaa na ruta hupeana hewani wakati wa kuunganishwa. Mwenye nenosiri akizinasa namba hizo simu yako inapojiunga, anaweza kufumbua yote yatakayofuata. Na hana haja ya kuvizia siku nzima, kwani mara nyingi anaweza kutuma ujumbe wa uongo unaoikata simu mtandaoni, nayo ikajiunga upya palepale.

Kisha kuna ARP, utaratibu wa mwaka 1982 ambao vifaa hutumia kuulizana nani mwenye anwani fulani ya mtandao. Jibu huaminiwa bila kuthibitishwa. Kompyuta ya mgeni ikidai kuwa ndiyo ruta, mawasiliano yenu yatapita kwake kwanza.

Tovuti zinazotumia HTTPS, njia inayoficha mawasiliano kati ya kivinjari na tovuti, zitakukinga hata hapo: ataona unazungumza na nani, hataona mnasema nini. Ndiyo maana nakusihi uwaambie wenzako kwamba kivinjari kikionya kuhusu cheti cha tovuti, yaani kitambulisho chake, wasibonyeze kuendelea, hata kazi ikiwa ya haraka namna gani. Ninachohofia zaidi ni printa. Printa nyingi za ofisi hupokea nyaraka bila kusimbwa, kwa hiyo mikataba ya wateja wako husafiri wazi ndani ya mtandao wenu.

Bandua karatasi hiyo leo, ubadilishe nenosiri, liwe refu. Wageni wafungulie mtandao wao kwenye ruta hiyohiyo, uliotengwa na kompyuta na printa zenu. Ruta ikiwa na WPA3, iliyotoka 2018, iwashe kwa mtandao wa wafanyakazi. Humo kulijua nenosiri hakutoshi kufumbua mawasiliano ya mwingine yaliyonaswa. Kompyuta ya zamani ikigoma, tumia kwa muda hali ya mseto, inayokubali WPA2 na WPA3 pamoja, lakini kumbuka kwamba kifaa kitakachojiunga kwa WPA2 kitabaki na udhaifu uleule.

Zima pia WPS, ile njia ya kujiunga na Wi-Fi kwa kubonyeza kitufe au kuandika PIN badala ya nenosiri. PIN yake ya tarakimu 8 hukaguliwa nusu kwa nusu, hivyo majaribio 11,000 hivi yanatosha kuipata. Jambo hilo lilifichuliwa 2011. Kuficha jina la mtandao usijisumbue nako, vifaa vyenyewe hulitaja vikiutafuta.

Nenosiri la kuingilia mipangilio ya ruta nalo ni tofauti na la Wi-Fi. Kama bado ni lile la kiwandani, libadilishe, maana anayeingia humo anaweza kuwaelekeza kwenye tovuti bandia. Na masasisho ya programu za vifaa vyenu msiyaahirishe. Mwaka 2017 mtafiti Mathy Vanhoef alipoonyesha udhaifu wa WPA2 uitwao KRACK, tiba ilikuja kwa njia hiyo, kwenye simu na kompyuta pia.

Niandikie modeli ya ruta yenu, nami nitakuonyesha mipangilio hii iko wapi. Ningependa tuimalize wiki hii, kabla hamjapokea wateja wengine.

Rafiki yako,
Mwanaidi