Visa ya kazi ni mzigo wa mwajiri

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Kisauni. Huku hatujambo. Nyanyako mguu umepata nafuu na mdogo wako amefungua shule. Simu yako ya Jumapili ilinikuta nikiwapimia watu unga, ndiyo maana nilikujibu kwa mkato. Nimeona nikuandikie, kwa sababu ninayotaka kukwambia ni marefu, na nataka uwe nayo mkononi huyo wakala atakapokupigia tena.

Umesema ni kazi ya ulinzi Doha, Qatar, mkataba wa miaka miwili, riali 1,000 kwa mwezi, chakula na malazi juu ya kampuni. Kilichobaki ni shilingi 180,000 za visa, zilipwe kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Kazi yenyewe sina ugomvi nayo. Vijana wa mtaa huu wamelinda maduka na hoteli Qatar, wakarudi na heshima zao, na wengine wamejenga. Mshahara nao si wa kutiliwa shaka. Riali 1,000 ndicho kima cha chini cha sheria ya Qatar, kilianza kutumika Machi 2021, na mwajiri asiyekupa nyumba na chakula anatakiwa aongeze riali 500 za nyumba na 300 za chakula. Ugomvi wangu ni na hizo 180,000.

Visa ya kazi haiombwi na mfanyakazi, mwanangu. Anayeiomba ni mwajiri, kule kule Qatar, kwa serikali yake, kwa jina la kampuni yake. Ukishafika, ni yeye tena anayekupeleka kupimwa, kuchukuliwa alama za vidole na kutolewa kitambulisho cha ukaazi, na gharama ni zake. Sheria ya Kazi ya Qatar, ile nambari 14 ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inamkataza anayeleta wafanyakazi kutoka nje kuchukua kwao hata senti kwa jina la ada au gharama za kuwaajiri. Shirika la Kazi Duniani nalo limeshikilia msimamo huo tangu Mkataba wake nambari 181 wa mwaka 1997. Na kabla ya Kombe la Dunia la 2022, kampuni nyingi zilizokuwa kwenye miradi ya viwanja zilikubali kuwarudishia wafanyakazi fedha walizotozwa na mawakala makwao. Fedha halali hairudishwi. Hebu mwulize wakala wako hilo, usikie atajibu nini.

Tena kuna jambo lililonikosesha usingizi. Pasipoti bado huna. Visa hutolewa kwa nambari ya pasipoti. Sasa huyu anayedai visa yako iko tayari, inangoja malipo tu, ameiandika kwa nambari ipi?

Nitakwambia fedha kama hizi huenda wapi. Wa kwanza ni kijana aliyekutafuta, hana ofisi, yeye hula cha juu. Nyuma yake yupo mwenye ofisi. Mara nyingine nyuma ya hao yupo mtu ndani ya kampuni kule ughaibuni, anayeuza nafasi ambazo mwajiri alizitoa bure. Kila mmoja anameza sehemu yake, na kwa kuwa hakuna anayethubutu kuita fungu lake kwa jina lake, lote linaitwa visa. Ndiyo sababu umeambiwa utume kwa nambari ya simu ya mtu, na ulipouliza risiti ukaambiwa utaipata siku ya safari.

Unajua mimi ndiye niwekaye daftari la chama chetu cha kukopeshana. Humo mna ukurasa mmoja ambao naufungua kwa uzito kila tukikutana. Mwenyewe ni mama unayemfahamu, sitamtaja. Alikopa 90,000 mwanawe aende Dubai. Kijana alipofika akakuta alichopewa ni visa ya matembezi. Kwa visa ya matembezi huruhusiwi kufanya kazi Imarati. Ukishikwa una kosa, na aliyekupa kazi ana kosa kubwa zaidi, kwa hiyo kampuni yenye jina zuri haikugusi. Siku zake zikaisha, faini ya dirhamu 50 ikaanza kuhesabiwa kila siku inayopita. Alirudi kwa nauli ya mchango. Kwenye daftari, safu ya malipo ya mamake inasomeka 500, halafu 300, halafu mistari mitupu, halafu 2,000 siku aliyouza cherehani, halafu mistari mitupu tena. Siku hizi akija mkutanoni anakaa karibu na mlango, na tukifika kwenye mikopo anatoka nje. Hakuna mwanachama anayemdai kwa sauti, na hilo ndilo linalomuumiza zaidi.

Wewe umependekeza tuchukue kwa yule mkopeshaji wa mjini, asilimia 10 kwa mwezi, tuweke hati ya shamba la babu kule Kilifi. Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu. Riali 1,000 ni kama shilingi 35,000 hivi. Tuseme unajinyima, unabaki na 10,000 zako za mwezi, unatuma 25,000 bila kukosa hata mwezi mmoja. Mwezi wa kwanza deni linapanda kwa riba ya 18,000, unalipa 25,000, linabaki 173,000. Yaani umesimama juani mwezi mzima na mkopo umeshuka 7,000 tu. Mwezi wa pili linabaki 165,300. Nimeenda hivyo hivyo hadi mwezi wa 12, na bado unadaiwa 30,000 na kitu. Zaidi ya mwaka katika ile miaka yako miwili utakuwa umemfanyia kazi mkopeshaji na wakala, na hapo nimehesabu kana kwamba mshahara haukucheleweshwa, hukuugua, na mwajiri ni mwema.

Na akiwa si mwema? Hapa ndipo nataka unisikilize kuliko pote. Tangu 2020 sheria ya Qatar inakuruhusu kuhama kazi bila ridhaa ya kafili wako, yaani mwajiri aliyekuombea visa: unatoa notisi ya mwezi mmoja ukiwa hujamaliza miaka miwili, miezi miwili ukiwa umeipita. Watu walipigania haki hiyo miaka mingi. Lakini mtu mwenye shamba la babu kwa mkopeshaji haitumii. Akiambiwa afanye saa 14, anafanya. Mshahara ukikatwa bila sababu, ananyamaza, kwa sababu mwezi mmoja bila kutuma fedha nyumbani unaongeza riba juu ya riba. Wasimamizi wabaya huwajua walioingia kwa deni na huwatumia wanavyotaka. Mimi sitaki uwe mmoja wa hao walioingia kwa deni. Nataka siku ukiona mambo yameharibika uweze kusema basi, upande ndege, urudi, na hati ya babu iko pale pale kabatini.

Yapo ya kulipa ambayo ni yetu kweli, nami nitayalipa bila kunung'unika. Pasipoti ya kurasa 34 ni 7,500, ilipanda kutoka 4,500 mwaka 2024. Cheti cha maadili mema ni 1,050, unaomba kwenye eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, halafu unaenda kuchukuliwa alama za vidole Huduma Centre. Kuna picha, kadi ya homa ya manjano, na nauli zako za kuzunguka. Kipimo cha afya cha nchi za Ghuba hufanywa katika vituo vilivyoidhinishwa, na miadi hupangwa kwenye mtandao wa Wafid. Hicho mfanye mwajiri akulipie ukiweza. Akikataa tutaona, ila usikifanye kabla ya kuona mkataba, kwa sababu cheti chake hakikai muda mrefu. Na usimpe wakala fedha yoyote kabla ya majibu ya kipimo. Wapo waliolipa kwanza, kipimo kikaonyesha kovu la kifua kikuu cha utotoni, safari ikafa, na fedha hazikuonekana tena.

Sasa tuje kwa huyu wakala. Andika jina kamili la ofisi yake, kama lilivyo kwenye leseni, ulitafute katika orodha ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira mtandaoni. Angalia kama leseni iko hai, usiridhike na ile iliyotundikwa ukutani kwenye fremu. Halafu mwombe mkataba, kurasa zote. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 ina sehemu nzima juu ya mikataba ya kazi za nje, kuanzia kifungu cha 83. Mkataba huo lazima uthibitishwe na afisa wa kazi. Yeye anatakiwa ajiridhishe kwamba umekubali kwa hiari, kwamba hakuna udanganyifu, kwamba umeyaelewa masharti, na kwamba una afya ya kazi hiyo. Kifungu cha 86 kinasema anayemshawishi mtu kwenda nje bila mkataba wa namna hiyo anatenda kosa. Na kile cha 85 nimekisoma mara mbili nikatamani kila mzazi akisome: kinamtaka mwajiri asiyekuwepo Kenya aweke dhamana, tena awe na mdhamini anayekaa hapa nchini. Sheria inamwambia mwajiri aweke dhamana kwa ajili yako. Wakala wako anataka dhamana iwe shamba la babu yako.

Ukishapata pasipoti na wakakutumia nakala ya visa, usiifurahie kabla ya kuiingiza kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Qatar. Pana sehemu ya kuulizia visa kwa nambari yake au ya pasipoti. Tazama aina: ya kazi au ya ziara. Tazama jina la mwajiri, lilingane na lililo kwenye mkataba herufi kwa herufi. Wakikwambia ni visa huru, kwamba kafili ni wa karatasi tu na kazi utajitafutia ukifika, achana nao siku hiyo hiyo. Kumfanyia kazi mtu asiye mwajiri wako wa kwenye karatasi ni kosa kule, na wewe ndiye utakayeshikwa.

Najua utasema, mama, nafasi itapotea. Ipotee. Mwajiri wa kweli anayekuhitaji atagharimia visa kwa sababu ndivyo anavyowapata watu wake. Nilizungumza na mjombako jana usiku, naye ametulia kwenye hili kama mimi: hati haitoki. Usimpigie nyanyako simu kumwomba. Ana moyo laini na atakupa.

Ijumaa usilipe. Mwambie wakala mamako ameomba kuona mkataba na leseni, nitaje mimi kwa jina, sijali. Nimekuwekea 10,000 pembeni za pasipoti na cheti cha maadili, nitazituma kesho nikifunga duka. Fungua eCitizen leo leo, chagua ofisi ya pasipoti ya Nyayo House kwa kuwa uko karibu, uniambie wamekupa tarehe gani.

Mamako