Waliobeba godoro

Ndanda, Mtwara

Shoga yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu. Umesema ukishika rozari unafika kwenye Nasadiki tu, mikono inalegea, unaiweka chini na kujilaza bila usingizi. Halafu ukaniuliza kama hiyo ni dhambi. Si dhambi, mwenzangu. Umechoka. Nilitaka kukupigia, ila najua ningeanza kulia na wewe ungeanza kunibembeleza mimi, kama kawaida yako. Ndiyo maana nakuandikia.

Sijawahi kukusimulia vizuri habari za mama. Unajua alipata kiharusi, unajua tulimzika. Ya katikati sikuyasema. Upande wote wa kulia ulikuwa umekufa, na maneno yalimpotea, likabaki moja tu: "haya". Njaa ni haya, maumivu ni haya, asante ni haya. Miezi 19 nilimgeuza kitandani usiku na mchana asipate vidonda. Alfajiri namwogesha, nakimbilia shule, jioni kwaya. Watu wakanisifu kwamba nina moyo, na mimi nikaona aibu kusema kwamba moyo wenyewe siusikii tena. Alipofariki sikutoa chozi. Nilisimama kaburini nahesabu sufuria za kuazima, ipi ya nani.

Wiki chache baadaye mtu mmoja tunayesali naye akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba pengine imani yangu ilikuwa ndogo, ndiyo maana mama hakupona. Jumapili iliyofuata, kama makusudi, Injili ikawa ile ya Marko, sura ya pili, ya yule aliyepooza na watu wanne waliotoboa dari wakamteremsha na godoro lake mbele ya Yesu. Akainuka, akajitwika godoro, akatoka. Nami nilitoka, lakini kwa mlango wa nyuma. Wangu hakuinuka.

Baada ya hapo sikusali. Kengele ya abasia, nyumba ya wamonaki, unaijua, inasikika mpaka kwetu. Zamani ikilia nilikuwa nafanya ishara ya msalaba hata kama nimeshika mwiko. Sasa ikawa inalia tu.

Wenzangu wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo hawakuniuliza kitu. Kila Jumamosi alfajiri walikuja, wakatandika mkeka barazani kwangu, wakasali, wakaondoka. Mimi nimekaa nimeegemea ukuta, mdomo umefungwa. Ilipofika zamu yangu ya kuanzisha fungu la rozari, mama wa pembeni alilichukua bila kunitazama, kana kwamba ndivyo tulivyopanga.

Na bibi jirani yangu, yule Mwislamu mwenye mwembe mkubwa, alikuja siku moja na debe la korosho. Akaniambia, "Mjukuu wangu, njoo tubangue." Tukazikaanga kwenye bati kuukuu mpaka zikashika moto, ule moshi wake unaochoma koo, tukazimwagia mchanga zikazima. Kabla hatujaanza kugonga, akachota majivu, akanipaka vidoleni, kimoja kimoja, mpaka kwenye kucha, utomvu usiniunguze. Ni mimi niliyezoea kupaka watu mafuta, kuosha watu, kufuta watu. Kwa karibu miaka miwili hakuna aliyekuwa ameshika mikono yangu namna ile. Nililia pale pale, miezi mitano baada ya mazishi. Bibi akaendelea kugonga korosho zake, hakuniambia ninyamaze.

Ndipo nikaenda kwa padre kuungama kwamba sina imani tena. Hakushtuka. Akafungua Marko ile ile niliyoikimbia, akanipa nisome mwenyewe mstari wa tano: "Naye Yesu, alipoiona imani yao..." Akanisimamisha hapo. "Imani ya nani?" Nikasoma tena. Yao. Ya wale wanne. Huyo aliyelala kwenye godoro hakuulizwa kama anaamini. Labda alikuwa anaamini, labda alishachoka kuamini siku nyingi, Injili haisemi. Yesu alitazama juu kwenye tundu la dari, akaona nyuso za waliombeba, ikatosha.

Shoga, mimi miaka yote niliisoma habari ile nikidhani nafasi yangu ni ya kubeba. Kumbe kuna wakati nafasi yako ni godoro. Kwa nini mama hakuinuka, hilo bado namuuliza Mungu, na padre hakujifanya analo jibu. Alinionyesha tu Zaburi ya 88, inayoanza kwa kumwita Mungu wa wokovu wangu na kuishia gizani, haina hata mstari mmoja wa faraja mwishoni, na bado Kanisa linaisali. Akaniambia pia habari ya Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, ambayo kwenye kadi zetu za maua ya waridi haimo: tangu Pasaka ya 1896 aliingia kwenye giza la imani, likamfuata mpaka alipofariki Septemba 30, 1897, akiwa na miaka 24. Na huyo ndiye msimamizi wa misheni!

Sikupona siku ile. Ila kesho yake kengele ilipolia nikawaza: wale wamonaki wanaimba zaburi sasa hivi, wanaimba na ya kwangu. Nikarudi kulala, nikalala kweli.

Nenda na hospitali, tafadhali. Mimi nilikwenda, daktari akanisikiliza, akanipa dawa ya kunisaidia kulala na akataka nirudi kuzungumza naye. Usione kama ni kumkosea Mungu imani. Na kwaya iache kwanza, wataimba.

Jumamosi nitataja jina lako jumuiya. Wale wa mkeka wangu wanakujua. Wewe usisali, kama huwezi. Lala tu, sisi tutashika pembe zote nne.

Nimempa dereva wa basi la Dodoma kilo mbili za korosho, nimebangua mwenyewe, zifuate stendi kesho kutwa. Usijilazimishe kunijibu. Ukizipata, nibipu tu.

Mwenzako wa tangu bweni