Tujue diski za kamera za baharini zinakwenda wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie akili mnemba za kijeshi. Kila mjadala huu unapozuka, watu hutaja roboti litakalofyatua bunduki lenyewe. Mimi nataka kutaja kitu ambacho hakipigwi picha: kinasa data. Ni kisanduku kilichofungwa ndani ya ndege nyuki, meli au gari la doria, kinachohifadhi kila kinachoonwa na kamera na rada na kila kinachosikiwa na maikrofoni za majini. Mashine hujifunza kutokana na yaliyomo humo.

Nimekuwa fundi wa redio na rada bandarini Tanga mpaka kustaafu, na siku hizi natengeneza GPS na mashine za kutafutia samaki za wavuvi wa Sahare. Vinasa si vigeni kwangu. Meli kubwa ya mizigo hubeba kinasa safari. Cha zamani kilitakiwa kuhifadhi saa 12 tu, halafu kinaandika juu ya yaliyotangulia. Meli ikigonga mwamba, wachunguzi wanakifungua. Ikifika salama, hakuna anayehangaika nacho.

Hivi vya kufundishia mashine za vita vina thamani hata siku ambayo hakuna lililotokea, kwa kuwa hiyo ndiyo siku mashine inaonyeshwa hali ya kawaida ilivyo. Na vinakula nafasi. Kamera moja tu ya HD, pikseli 1920 kwa 1080, picha 30 kwa sekunde bila kubanwa, inatoa takribani megabaiti 187 kila sekunde. Saa moja ni kama gigabaiti 670. Ongeza kamera ya pili, ya joto (inayoona joto badala ya mwanga), na rada. Mzigo huo haurushiki hewani kirahisi, kwa hiyo chombo kikirudi fundi anachomoa diski iliyojaa, anachomeka tupu, na ile iliyojaa inasafirishwa. Kubana picha ili zichukue nafasi ndogo ni hatari, maana kidau cha mbali ni doa la pikseli chache na kinaweza kufutika. Saa za vifaa vyote nazo lazima zilingane. Boti inayokwenda kilomita 36 kwa saa inasogea mita 10 kila sekunde. Kamera na rada zikipishana sekunde moja, boti moja inaonekana mbili.

Diski hizo zikifika zinakopelekwa, lazima mtu akae aseme hiki ni nini na kile ni nini. Kijana wa dada yangu aliwahi kupata kibarua cha namna hiyo mtandaoni. Anapewa picha, anachora mraba kuzunguka chombo, anachagua jina kwenye orodha. Nyingine zilikuwa picha za joto, nyeusi na nyeupe, zimepigwa kutoka juu. Siku moja akaniletea moja: "Shikamoo mjomba. Hii niiteje?" Nikaona mirengu pande zote mbili. Ngalawa, haina ubishi. Orodha ilikuwa na meli ya mizigo, boti ya uvuvi ya injini, boti ya mwendo kasi, na "nyingine". Akabonyeza "nyingine", akaendelea, kwani analipwa kwa picha. Mwenye picha hakuambiwa ni nani. Sisemi zilikuwa za jeshi. Nasema kazi ya jeshi inafanywa vivyo hivyo.

Marekani ilipoanzisha Project Maven mwaka 2017 ili kompyuta zichambue video za ndege nyuki, ziliandaliwa aina 38 za vitu vya kutambua, hasa kwa ajili ya vita dhidi ya ISIS. Mwaka uliofuata maelfu ya wafanyakazi wa Google walitia saini barua ya kupinga, na kampuni yao ikatangaza haitaongeza mkataba. Mradi wenyewe haukufa. Orodha kama hiyo hutungwa na watu walio mbali na maji yetu, na kisichomo hakiwi salama mbele ya askari. (Novemba 1914 Waingereza waliteremsha hapa Tanga askari wapatao 8,000 dhidi ya Wajerumani na askari wao wapatao 1,000. Nyuki waliowavamia Waingereza hawakuwamo kwenye hesabu.)

Chukua usiku wa giza, mwezi haupo, baharini huku kwetu. Boti ya dagaa imezima injini, karabai zinawaka, vidau viwili vimejisogeza ubavuni. Watu zaidi ya kumi, madumu ya petroli, mapanga. AIS hawana, kile kifaa cha kujitambulisha ambacho sheria za kimataifa zinazidai meli za tani 300 na zaidi zinazotoka nchi moja kwenda nyingine. Mbao hurudisha mwangwi hafifu wa rada. Ndiyo maana nawahimiza vijana wafunge bati lililokunjwa kona kona juu ya mlingoti ili meli ziwaone. Kwenye kamera ya joto karabai linang'aa kupita kitu chochote. Mtoto wa Sahare atakwambia hao ni wavuvi wa dagaa. Mashine iliyofunzwa kwa diski za bahari nyingine itasema ni vyombo vilivyojificha, vimekutana usiku, vinapakiana mafuta.

Binadamu wenyewe wamekosea. Tarehe 15 Februari 2012, wanajeshi wa Italia waliokuwa wakilinda meli ya mafuta Enrica Lexie waliwapiga risasi na kuwaua wavuvi wawili karibu na pwani ya Kerala, India, wakidhani ni maharamia. Tarehe 29 Agosti 2021 mjini Kabul, ndege nyuki ya Marekani iliua watu 10, saba kati yao watoto. Waliotazama video walidhani gari limepakia mabomu, na uchunguzi wa waandishi wa habari ukaonyesha yalikuwa madumu ya maji. Mashine ikifunzwa kwa hukumu za watu kama hao, itakosea kama wao, ila kwa haraka zaidi.

Sipingi vinasa. Mwaka 2015 watafiti walivuta maikrofoni majini katika pwani yetu, kutoka mpaka wa Kenya hadi wa Msumbiji, wakanasa milipuko zaidi ya 300 ya uvuvi wa baruti. Matokeo yalichapishwa. Vishindo tulivyokuwa tukivisikia kila asubuhi vikawa na ushahidi ambao yeyote aliweza kuusoma.

Sasa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, hapa hapa Tanga. Ulinzi wa eneo lile hautakuwa wa mgambo na tochi, na wavuvi wa pale wataonwa kila wanapotoka na kila wanaporudi. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake ipo. Boti ya uvuvi ina namba ya usajili ubavuni. Kwa namba ile unampata mwenyewe hadi mlangoni kwake. Basi Tume itujibu: picha ya boti hiyo ni taarifa binafsi au siyo? Ikinaswa na meli ya kigeni katika mazoezi ya pamoja, nani anaruhusu diski ivuke mpaka? Mkataba wowote wa doria au mazoezi useme wazi kwamba nakala inabaki nchini, na kwamba BMU za Tanga, vile vikundi vya wanajamii vya kusimamia fukwe na uvuvi, zitaitwa kutaja vyombo kwa majina yake: ngalawa, dau, mashua, mtumbwi, jahazi.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa Chumbageni, ananipinga. Anasema tukiwapa majina sahihi tutakuwa tumewanolea silaha. Ana hoja, na mimi mwenyewe sijalala nayo vizuri. Lakini mashine hizi zinakuja tutake tusitake, na kati ya inayomjua mvuvi na isiyomjua, nachagua inayomjua.

Wahusika wakitaka kuanza, karakana yangu iko jirani na diko la Sahare. Nitawaonyesha vyombo vyote hivyo vikiwa mchangani, siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana.

Fundi mstaafu wa rada,
Sahare, Tanga