Matangazo ya jamii yafike hata kwenye kitochi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu namna tunavyopashana habari. Siku hizi ukisikia tangazo limetumwa, ujue limewekwa kwenye kundi la WhatsApp: picha ya barua yenye mhuri, au sauti ndefu ambayo habari yenyewe iko mwishoni. Mwenye kitochi halimfikii. Mwenye simujanja aliyeishiwa bando analiona mkutano ukishaisha.

Njia bora ipo na ilishajaribiwa. Mwaka 2012 Francis Kariuki, chifu wa Lanet Umoja karibu na Nakuru nchini Kenya, alipata sifa kwa kutumia Twitter kutangaza kondoo waliopotea na kuwaita majirani wezi walipovamia nyumba. Wengi husimulia habari hiyo kana kwamba siri yake ilikuwa intaneti. Sivyo. Kilichomsaidia ni kwamba hata asiye na simujanja aliweza kujiunga kwa SMS, na alichoandika chifu kikamfikia kama ujumbe wa kawaida. Anaandika mara moja, wanapata wote.

Hilo liliwezekana kwa sababu Twitter ilipoanza mwaka 2006 iliundwa ifuate kipimo cha SMS. Ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160. Kati ya hizo, 20 ziliachiwa jina la mwandishi, zikabaki 140 za habari. Mwaka 2020 kampuni hiyo ilifunga huduma ya kupokea kwa SMS katika nchi nyingi, na pengo hilo naona halijazibwa. Ukitaka leo kuwaarifu watu mia tatu kwa SMS, unalipia jumbe mia tatu. Ni kiongozi gani wa kujitolea ataweza?

Ndiyo maana naziomba kampuni za simu na mamlaka za mawasiliano zitoe namba fupi kwa ajili ya matangazo ya jamii. Mkazi ajiunge mwenyewe na ajitoe akitaka, kupokea kuwe bure, na anayetuma awe mtu anayefahamika na wakazi. Na orodha hiyo isiguswe na matangazo ya bahati nasibu, maana watu wakichoshwa mara moja watajitoa wote.

Nasi tunaoandika tujifunze kubana maneno. Chukua tangazo hili: "Maji yatakatwa kesho saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Jazeni vyombo leo." Ni herufi 72 ukihesabu na nafasi, linaenea katika SMS moja na nafasi inabaki. Ukiongeza kikatuni (emoji) kimoja cha tone la maji, simu inabadili mfumo wa herufi, kikomo kinashuka kutoka 160 hadi 70, na unakatwa pesa ya SMS mbili. Hata ritifaa (kile kialama cha juu) iliyopinda katika neno ng'ombe inaweza kuleta hasara hiyo hiyo; ile iliyonyooka haina shida.

Wakati tukisubiri namba hiyo, wasimamizi wa makundi wateue mtu mmoja kila mtaa wa kupokea SMS na kuwapelekea habari majirani wasio na simujanja. Ila majina ya majirani hao yaandikwe mapema, kabla ya mafuriko au kipindupindu.

Wako,
Msomaji