YAH: PROJEKTA MLIYOTULETEA SIYO TULIYOLIPIA

Katibu,
Kikundi cha Maigizo,
Mwananyamala,
Dar es Salaam.

Meneja,
Kampuni ya Kukodisha Vyombo vya Muziki na Picha,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ndiye niliyekuja ofisini kwenu wiki tatu kabla ya onyesho, na mchoro wa ukumbi nilioupiga kwa penseli. Nilikaa na mhudumu wenu karibu nusu saa. Nilimwonyesha kwamba kutoka kwenye pazia letu mpaka ukuta wa nyuma kuna mita 2.6 basi, na picha ya mandhari ya igizo tunayotaka kuimulika kwenye pazia hilo kutoka nyuma yake ina upana wa mita 4. Yeye mwenyewe ndiye aliyenishauri nichukue projekta ya masafa mafupi, ile ambayo ikikaa mita 2 kutoka kwenye kitambaa inajaza mita 4, yenye mwanga wa lumeni 5,000. Ndiyo iliyoandikwa kwenye proforma, na ndiyo niliyoilipia: shilingi 250,000 kwa siku, siku tatu, jumla 750,000, na amana ya shilingi 200,000 juu yake.

Ijumaa saa tisa alasiri, zikiwa zimebaki saa tatu na nusu watu waanze kuingia, kijana wenu akashuka kwenye bajaji na projekta ya semina.

Naiita ya semina kwa kuwa kazi yake naijua: chumba cha mkutano, meza ndefu, chupa za maji, mtu anasoma maandishi ukutani. Huko inatosha kabisa. Hii ilikuwa na lumeni 3,200 na lenzi ya kawaida, ambayo ili ikupe picha ya mita 4 lazima uirudishe nyuma mita 6. Tulipoibana ukutani nyuma ya pazia, ikatoa picha isiyofika hata mita 1.75. Pantoni ya Kigamboni ikawa fupi kuliko mama anayetakiwa kuipanda. Tena jina la pantoni likasomeka kinyumenyume, maana kijana wenu hakuwa anajua kwamba kwenye menyu kuna sehemu ya kugeuza picha pale projekta inapokaa nyuma ya kitambaa. Nilimwonyesha mimi.

Nilipomuuliza mbona siyo yenyewe, akanijibu kwa adabu tu, "Mama, projekta ni projekta." Simlaumu. Alipewa boksi alipeleke, akalipeleka. Niliwapigia simu mara nne. Mlipopokea ndipo nikaambiwa kwamba ile nyingine "imetoka, iko kwenye harusi Mbezi". Kwa hiyo mlijua tangu asubuhi, na hakuna aliyeona umuhimu wa kunitumia hata ujumbe.

Labda mtasema tungepaka rangi plaiwudi kama zamani. Ukumbi tunaokodi, Jumamosi mchana kuna kicheni pati na Jumapili asubuhi kuna ibada. Kila usiku tunabomoa kila kitu, na mbao hatuna pa kuzilaza. Ndiyo maana tukashona pazia la bafta nyeupe linalokunjika likaingia kwenye mfuko wa shangazi kaja, na picha tukapiga wenyewe: uwani kwenye nyumba moja Magomeni, pantoni pale Magogoni saa kumi na mbili asubuhi, na bahari usiku. Tukawa tumebakiza kitu kimoja tu cha kutegemea watu wengine, nacho ni projekta.

Hatukuwa na namna ila kuihamishia mbele, katikati ya watazamaji. Tuling'oa viti vinane ambavyo vilishauzwa kwa elfu kumi kila kimoja. Na mwanga ukishatoka mbele, mwigizaji anasimama kati ya lenzi na pazia, unategemea nini? Kwenye igizo letu kuna mama anamuaga mwanawe pantonini. Akasogea hatua mbili, kivuli cha kilemba chake kikapanda ndani ya chombo, kikubwa kama lori la mchanga, kikawa kinatikisa kichwa kila alipolia. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yule dada amefanyia mazoezi kilio kile miezi miwili.

Mwanga nao ni hesabu ya darasa la saba. Picha yetu ni ya mita 4 kwa 2.5, yaani mita 10 za mraba. Lumeni 5,000 zikisambaa hapo kila mita inapata 500. Lumeni 3,200 zinatoa 320, na hapo taa iwe mpya, na yenu haikuwa mpya. Tukiwasha taa za jukwaa, pantoni inayeyuka inabaki kitambaa cheupe. Tukizizima, pantoni inaonekana lakini wanaozungumza ni sauti gizani. Tuliishia kuwasha taa moja ya pembeni, na watu wa viti vya kulia hawakuona uso wa baba mpaka igizo linaisha.

Kisha waya. Proforma inasema waya wa HDMI wa mita 15. Ulikuja wa mita 5. Kijana akaungaunga na mwingine aliokuwa nao begini, na pale kwenye kiungo mtu akipita tu picha inakatika. Ikakatika kwenye onyesho la bahari usiku, pazia zima likawa buluu kali na maandishi kwamba hakuna picha inayoingia. Kutoka nyuma mtu akapaza sauti: "Luku imeisha!" Kijana akataharuki, akachomoa projekta kwenye soketi, akaichomeka tena. Taa ya aina ile ikizimwa ikiwa ya moto haikubali kuwaka mpaka ipoe. Wapiga ngoma wetu wakajaza dakika zile kwa kupiga ngoma ambayo haimo kwenye igizo. Baadhi ya watazamaji waliniambia ndiyo sehemu waliyoipenda zaidi, na sijui niichukulieje.

Jumamosi na Jumapili tulicheza hivyo hivyo, waigizaji wamebanwa pembeni ili vivuli visiingie.

Sasa limebaki hili la amana. Jumatatu saa nne asubuhi nimerudisha projekta, imefutwa vumbi, iko kwenye boksi lake. Mhasibu wenu akanikata shilingi 200,000 yote kwa maelezo kwamba rimoti imepotea. Tazameni hati ya makabidhiano aliyosaini kijana wenu mwenyewe: projekta moja, waya wa umeme mmoja, waya wa HDMI mmoja. Rimoti haimo. Siku zote tatu tulikuwa tunapanda kwenye stuli kubonyeza vitufe kwa kidole.

Ninachodai ni hiki. Nirudishieni amana yangu yote, shilingi 200,000. Nirudishieni na shilingi 375,000, nusu ya kodi, kwa sababu kifaa nilicholipia hakikufika na kilichokuja hamkuniuliza kama nakitaka. Viti vinane sivihesabu, vicheko sivihesabu. Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita kimya, nitapeleka karatasi hizi Tume ya Ushindani, maana Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia mtu huduma kwa maelezo yasiyo ya kweli, na dai la fedha nitalifungua Mahakama ya Mwanzo.

Fedha zitumwe kwenye namba ile ile ya simu niliyolipia. Na kama ile ya lumeni 5,000 imesharudi kutoka harusini, naomba nije niione ikiwaka, kwa sababu tuna onyesho jingine na bado sijaamua tutakodi wapi.

Wenu,

Katibu wa Kikundi

Viambatanisho: nakala ya proforma, risiti na hati ya makabidhiano.