Kwa vijana wa Oli mnaotaka kusomea ultrasaundi

Arua

Wanangu na wajukuu zangu,

Assalaam aleikum. Na ninyi mnaosali Jumapili, hamjambo, na habari za wazee nyumbani.

Jumamosi iliyopita mlikuja saba barazani kwangu na fomu zenu, mkanywa chai yangu yote, na swali lenu lilikuwa moja: "Hajjati, kozi ya skani, hiyo ultrasaundi, ina kazi?" Nikasema ndiyo, ipo. Mkaridhika, mkaondoka. Usiku nilikosa usingizi. Nimeshika probu, kile kifaa cha mkononi kinachotuma sauti mwilini na kuipokea ikirudi, miaka ishirini na sita, halafu watoto wa jirani wananiuliza maisha yao nawajibu kwa neno moja! Ndiyo maana naandika, tena wazi, ili na wenzenu wa Koboko na Nebbi wasome.

Kuna jambo ambalo mgonjwa halijui, na ninyi mlijue kabla hamjalipa hata shilingi ya fomu. Picha ya eksirei ikishapigwa inabaki nzima. Daktari wa Kampala anaweza kuitazama kesho akaona ulichopitwa nacho. Skani ni tofauti. Tumbo la mtu ni pana, na probu inaonyesha ubapa mwembamba tu, pale ilipoelekezwa. Usipoipitisha kwenye pembe ile ya ini yenye uvimbe, uvimbe haupo katika picha zako, na hakuna bingwa duniani atakayeuona baadaye. Wagonjwa wetu husema "mashine imesema". Mashine haina mdomo, jamani. Aliyesema ni yule aliyeishika.

Kule Marekani mpimaji huchukua picha na kuandika alichokiona, kisha daktari bingwa wa picha ndiye anayesoma na kutoa jibu la mwisho. Kwetu, vituo vingi vya mji mdogo havina huyo mtu wa pili. Unapima, unaandika, unatia sahihi, mama anachukua karatasi anampelekea mkunga, na mkunga anafuata karatasi.

Sasa niwape la kwangu. Sijawahi kuliandika.

Ilikuwa kliniki ya binafsi, jina silitaji, siku ya soko, foleni imefika hadi kwenye mti wa mwembe nje. Akaingia mama kutoka upande wa Congo, kaja kwa bodaboda kutoka Ariwara, vumbi hadi kwenye kope. Akasema, "Mutoto anacheza kidogo tu." Mkononi alishika kavera, mfuko wa plastiki, ya buluu iliyofungwa fundo, ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaninyooshea. Nikamwambia, "Hiyo weka, mama, nakupima mwenyewe sasa hivi."

Nikapima kichwa, nikapima tumbo la mtoto, nikapima mfupa wa paja. Mashine ikajumlisha ikaniambia wiki 33. Tumbo la mtoto lilikuwa nyuma ya kichwa, nikaliona. Maji ya uzazi yalikuwa machache, nikayaona pia. Lakini moyo ulikuwa unapiga vizuri, na nje kulikuwa na watu kumi na tisa. Nikaandika: wiki 33, mtoto anaendelea vizuri, arudi baada ya wiki nne.

Alirudi siku ya tisa, na wifi yake. Nikaweka probu, nikatafuta moyo. Nikahamisha, nikatafuta tena, nikaongeza mwanga wa skrini kana kwamba tatizo ni mwanga. Moyo ulikuwa umesimama.

Ndipo nikaomba ile kavera. Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, kutoka hospitali ya kwao, skani aliyofanyiwa mimba ikiwa changa kabisa: wiki 9, na tarehe chini yake. Nikahesabu kwa vidole. Siku ile nilipoandika 33, mimba ilikuwa na wiki 37. Hakuwa mtoto asiyekomaa wa kungojewa akue. Alikuwa mtoto aliyekomaa mwenye njaa, kondo la nyuma limechoka kumlisha, na dalili zote mbili nilikuwa nimeziona kwa macho yangu. Kama ningefungua fundo lile angepelekwa hospitali mchana uleule.

Darasani mtafundishwa kanuni hii kwa dakika mbili. Mimba ikiwa changa, ndani ya miezi mitatu ya kwanza, watoto wote hukua karibu sawa, kwa hiyo ukipima urefu kutoka utosini hadi matakoni unakosea kwa siku tano au saba tu. Mwishoni mwa mimba kila mtoto ana mwili wake, na kosa linafika wiki tatu. Basi tarehe iliyowekwa na skani ya mapema haiguswi tena. Skani ya baadaye ikitoa wiki pungufu, hubadilishi tarehe, unajiuliza kwa nini mtoto ni mdogo. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri kila mjamzito apate skani moja kabla ya wiki 24, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa. Tangu siku ile nilijifunza Kifaransa cha karatasi tu, semaines ni wiki, foie ni ini, rate ni wengu, na hakuna mgonjwa aliyeketi kitandani kwangu kabla sijamuuliza, "Una karatasi za zamani?"

Nimewapa habari hii ndefu kwa sababu mmoja wenu, nisimtaje, alinionyesha kwenye simu tangazo la kozi ya miezi mitatu, cheti mkononi, kazi mara moja. Miezi mitatu inatosha kujua vitufe. Mimi nilipomkosea yule mama nilikuwa na miaka minne kazini, na vitufe nilivijua vyote.

Kuhusu chuo, basi. Pale Mengo, Kampala, kwenye kilima cha hospitali iliyoanzishwa na Albert Cook mwaka 1897, kuna chuo cha Ernest Cook, wenyewe tunakiita ECUREI, ambacho ultrasaundi ndiyo mhimili wake. Makerere wana shahada ya radiografia, humo ultrasaundi ni fungu moja pamoja na eksirei na CT. Wengine huanza na diploma, wakafanya kazi, wakarudi kuchukua shahada, na mimi simcheki mtu wa njia hiyo kwa sababu hufika darasani mkono wake umeshazoea. Popote mtakapoomba, ulizeni kama kozi yenyewe, sio chuo tu, imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Ulizeni kama wahitimu wake wanasajiliwa na baraza letu, Allied Health Professionals Council, lililowekwa na sheria ya 1996. Bila usajili huo na leseni yake ya kila mwaka, wewe ni mtu mwenye koti jeupe tu. Halafu ulizeni swali ambalo wazazi hawaulizi: mashine ngapi kwa wanafunzi wangapi, na nani anasimama nyuma yangu ninaposhika probu? Wakianza kuwaonyesha jengo jipya na basi la chuo, rudini kwenye swali.

Ada ni mzigo, najua. Bodi ya mikopo ya wanafunzi, HESFB, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, hukopesha wanaosoma sayansi. Fuatilieni matangazo yake mapema, kwa maana foleni hiyo ni ndefu kuliko ya kliniki yangu. Chumba na chakula cha Kampala ni hesabu nyingine, kaeni na wazazi muipige.

Sasa fizikia. Nimesikia mnavyoiogopa. Wawili kati yenu mlisema mnapenda bayolojia "lakini fizikia hapana". Mtaikuta hukohuko mnakokimbilia. Sikio la mtu linaishia kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde. Sisi tunatumia milioni 2 hadi milioni 15 au zaidi. Mitetemo mingi huonyesha vitu vidogo waziwazi lakini haifiki mbali, basi ni ya tezi la shingo, titi na mishipa ya juu. Michache hufika chini, kwenye ini na figo za mtu mnene, ila picha inakuwa nzito. Kila mgonjwa unachagua upya. Ndani ya nyama sauti hukimbia kama mita 1,540 kwa sekunde, na mashine inakadiria umbali kwa kudhani mwendo ni huo huo kila mahali. Dhana hiyo ikivunjika, mashine inakudanganya bila kupepesa. Hewa ndiyo adui mkubwa, inarudisha karibu sauti yote, ndiyo maana tunapaka jeli. Jiwe la nyongo huacha kivuli cheusi nyuma yake, maji huacha weupe. Asiyejua fizikia huandika kivuli kuwa ugonjwa. Nimesoma ripoti za namna hiyo, tena zimepigwa muhuri.

(Ian Donald, daktari wa wanawake wa Glasgow aliyechapisha picha za mwanzo za matumbo mwaka 1958, alianza kwa mashine ya kiwandani iliyotafuta nyufa ndani ya vyuma. Nampenda sana mzee huyu. Alikwenda kwa mafundi wa boila kuuliza, hakuona aibu.)

Vitabu mtakavyosoma vimeandikwa mbali. Vitawapa kurasa nyingi za magonjwa ya wenzetu na aya moja ya kichocho. Lakini shukeni Pakwach, mfuate Nile hadi Panyimur kwenye Ziwa Albert, mpime wavuvi. Ini la mtu aliyeishi na kichocho miaka mingi lina mishipa iliyozungukwa na kuta nene nyeupe, ukiikata kwa upana unaona duara jeupe lenye tundu jeusi katikati, na wengu umeshuka hadi kitovuni. Huyo ndiye atakayetapika damu usiku mmoja na watu waseme amerogwa. Mkiingia mafunzoni ombeni kupelekwa huko. Na anayevutiwa na moyo, ajue kuna Uganda Heart Institute pale Mulago. Homa ya baridi yabisi inaharibu vali za mioyo ya watoto wetu, na kupima moyo ni fani ndani ya fani.

Wanaoota Marekani, nawaona mkitabasamu. Kule mtihani wa usajili unasimamiwa na ARDMS, shirika la kusajili wapimaji wa ultrasaundi, tangu 1975, na sehemu yake moja mnayolazimika kupita inaitwa SPI, yaani kanuni za ultrasaundi na mashine zake. Imejaa ile ile fizikia.

Mwili wenu pia. Mimi leo nikinyanyua mikono kwa takbiri, bega la kulia linalia. Miaka mingi niliketi nimejipinda, mkono umenyooka juu ya tumbo la mtu, kwa sababu kitanda kilikuwa hakishuki na sikutaka kuonekana msumbufu. Ninyi kataeni mapema. Mgonjwa asogee karibu nanyi, kiwiko kikae chini, kiti kiwe na mgongo. Mwajiri akisema hana kiti, kinunueni wenyewe.

Baba atakayesimama mlangoni na kuuliza tu "ni kijana?", mjibuni baada ya kumaliza kuangalia kila kitu. Ukianza na jinsia, akili yako na ya chumba kizima inahama.

Na mtu wa kutiwa moyo wakati moyo wa mtoto haupigi ni yule aliye mbele yako. Usimtume kwa mkunga na karatasi iliyokunjwa ili mwingine aseme. Kaa chini. Futa jeli kwanza, umfunike, ndipo uongee. Yule mama wa Ariwara nilimwambia nimesimama, na tumbo bado limelowa.

Kazi ipo, ndiyo. Vituo vya serikali vina nafasi chache na hutangazwa kwa msimu, kliniki za mjini huajiri haraka na hulipa kwa shida, na wapo waliofungua vyumba vyao. Hayo mtayajua wenyewe.

Fomu msijaze kwanza. Alhamisi baada ya alasiri njooni barazani, kila mmoja na maparachichi mawili, daftari na kalamu. Moja tutalikata kwa urefu, kwa upana, na kwa mshazari, na kabla sijakata kila mmoja atachora anachodhani kitaonekana: kokwa litakuwa kubwa kiasi gani, nyama itakuwa nene upande upi. Atakayekosea achore tena, na hapo nitajua nani ana jicho na nani ajifunze kuwa nalo. La pili ni la kula. Kisu ninacho, chumvi ninayo, na sukari ya chai safari hii mje nayo.

Mama yenu,
Hajjati, nyumba ya karibu na kisima