Harambee ya Jumapili: Kofia, Nauli na Upasuaji wa Mapema

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mnamfahamu kijana wetu wa besi kwenye kwaya, yule anayesimama mwisho wa safu upande wa dirishani. Ana ualbino, na riziki yake ni kuuza mitumba juani. Kola ya joho ilimfichia kidonda nyuma ya sikio tangu kikiwa kama punje ya mahindi. Akakipaka GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda, kikakauka, kikafumuka tena. Alipokubali kwenda hospitali kilishashuka shingoni, na majibu yakasema saratani ya ngozi.

Kwenye jumuiya tumeulizwa sana: si siku hizi kuna dawa na mionzi, mbona tunaambiwa tumechelewa? Tulimbana daktari, naye akaanzia shambani. Mwaka 1889 daktari mpasuaji wa Uingereza, Stephen Paget, aliifananisha saratani na mbegu: haioti popote, huota kwenye udongo unaoipokea. Udongo wenyewe ni mwili unaouzunguka uvimbe. Zile seli ambazo kazi yake ni kufunga vidonda hugeuzwa vibarua wa uvimbe. Huujengea ukuta mgumu wa nyuzi, dawa ikapenya kwa taabu. Mwaka 2012 watafiti walionesha kwamba kwenye melanoma, aina nyingine ya saratani ya ngozi, seli hizo jirani hutoa protini iitwayo HGF, na dawa ikiziba njia moja, saratani huponea njia ya pili. Askari wa kinga ya mwili wakifika hapo hupumbazwa. Katikati ya uvimbe mkubwa damu haifiki vizuri, oksijeni ni haba, na mionzi huhitaji oksijeni ili ifanye kazi sawasawa.

Mama mmoja wa Umoja wa Wanawake akasema, "Kumbe ni mwizi aliyekwisha kuoa kijijini!" Daktari alicheka, lakini hakumpinga.

Jua nalo huutayarisha udongo huo miaka mingi kabla: huharibu vinasaba vya seli na kupunguza walinzi wa ngozi. Asiye na melanini, ile rangi ya ngozi inayokinga jua, analipokea lote.

Kwa hiyo tunachangia vitu viwili. Cha kwanza ni kijana wetu, anayetakiwa kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam: nauli, malazi na chakula chake na cha dada yake atakayemuuguza. Cha pili, ambacho baraza la wazee lilikijadili kwa muda mrefu zaidi, ni watoto saba wenye ualbino katika mitaa yetu. Mafuta ya Kilisun ya kukinga ngozi na jua hutengenezwa hapa hapa Moshi, hospitali ya KCMC; kinachowashinda wazazi ni nauli ya kuwapeleka kliniki kila baada ya miezi kadhaa, kofia za pama, na mashati ya mikono mirefu. Kidonda kikionekana kingali kidogo, hukatwa, mtoto akarudi darasani.

Lengo ni shilingi 4,200,000. Bahasha zipo kwa wazee wa kanisa wa kila mtaa, na mhasibu atasoma mapato na matumizi hadharani. Baada ya ibada ya pili kutakuwa na mnada kama kawaida. Mwaka jana mkungu mmoja wa ndizi ulinunuliwa mara tatu na kurudishwa mezani mara tatu. Safari hii leteni miwili.